Shimo Katika Kaakaa

MAALIM: Assalaamu alaikum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Bi Daktari, leo tuzungumzie kidonda cha kaakaa ambacho huwatisha wagonjwa na kuwatatiza hata matabibu.

DAKTARI: Waalaikumu salaam, Maalim. Mbali na jozi 3 za tezi kubwa za mate, kinywa kina tezi ndogondogo baina ya 600 na 1,000, nyingi zikiwa katika midomo, mashavu na kaakaa. Damu inayolisha tezi za kaakaa ikipungua sana, pengine baada ya sindano ya ganzi au kwa kubanwa na meno ya bandia yasiyokaa vyema, tezi hizo hufa; hutokea uvimbe, kisha nyama hunyofoka na kuacha shimo. Hali hiyo, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1973, huitwa sialometaplasia nekrotiki.

MAALIM: Nayo hufanana na saratani?

DAKTARI: Mno, tena hata chini ya darubini, kwa sababu seli za vijia vya mate hubadilika zikawa kama zile za utando wa kinywa. Wapo waliokatwa kaakaa kwa maradhi ambayo yangepona yenyewe, kwa kawaida katika wiki 6 hadi 10. Jambo hilo huniuma sana.

MAALIM: Basi mtaalamu wa patholojia, yule anayechunguza vipande vya nyama ya mwili kwa darubini, hutofautisha vipi?

DAKTARI: Hutazama mpangilio. Tezi zilizokufa hubaki na umbo la vishada vyake, mfano wa shada la karafuu lililokauka bila ya kupukutika, ilhali saratani huvamia na kuuvuruga mpangilio huo. Lakini hayo hayaonekani katika kipande kilichokwanguliwa juu juu. Lazima kikatwe kwa kina, kwenye ukingo wa kidonda.

MAALIM: Tuseme kimekatwa Chake Chake na kinavushwa kwenda Unguja.

DAKTARI: Kitiwe katika formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 wa kipande chenyewe, wala kisitiwe katika maji ya chumvi. Fomu nayo ieleze kidonda kilianza lini, mgonjwa alichomwa sindano lini na anavaa meno gani. Fomu iliyoandikwa "kidonda cha kinywa" peke yake humnyima mchunguzi nusu ya ushahidi.

MAALIM: Nachelea msikilizaji asije akakaa nyumbani akihesabu wiki.

DAKTARI: Asithubutu, Maalim. Uvimbe wa tezi ndogo za mate huwa saratani mara nyingi zaidi kuliko ule wa tezi kubwa iliyo mbele ya sikio. Kifuko cha ute katika mdomo wa chini, baada ya mtu kujing'ata, ni jambo la kawaida. Kivimbe kigumu katika mdomo wa juu kinataka kipimo, na kaakaa linalokufa ganzi linataka haraka zaidi, kwani ipo saratani ya tezi hizi inayotambaa kufuata mishipa ya fahamu. Hata aliyepewa jibu la kutuliza, kidonda kisipofunga baada ya wiki 10, akatwe kipande kingine.