Kadi Imelala, Prosesa Inahema

Walionisikia mwaka jana watanisamehe, maana narudia yale yale. Kila mwanafunzi anayegonga mlango wangu anataka kitu kimoja: “Mwalimu, tupatie GPU,” ile kadi inayopiga hesabu nyingi kwa mpigo. CPU, prosesa kuu ya kompyuta, haiombwi na mtu. Imekuwa utingo wa lori: dereva ndiye anayesifiwa kwa mwendo, nani aliyepakia mzigo haulizwi.

Kuna maabara moja, sitaitaja, waliniita. Wamenunua kadi ya bei ya gari, lakini kuifundisha modeli itambue magonjwa ya majani ya muhogo kunawachukua siku nne. Nikakaa, nikaandika nvidia-smi, amri inayoonyesha kadi inafanya kazi kiasi gani. Matumizi ya kadi: 0%. Nikangoja. 90%. Kisha sifuri, sifuri, sifuri. Nikageukia CPU: kiini kimoja kati ya vinane kimefika mia, saba vimejilalia. Hicho kimoja kinafungua picha za JPEG moja baada ya nyingine, kinazipunguza, ndipo kinazipeleka kwenye kadi. Kadi inameza fungu zima kufumba na kufumbua, halafu inakaa na sahani tupu. Tukapunguza picha zote mapema, mara moja tu, na num_workers, idadi ya wasaidizi wa kuandaa picha kwenye CPU, tukaitoa 0 tukaweka 6. Siku nne zikawa usiku mmoja. Shilingi haikutoka!

Najua, wewe wa nyuma unatikisa kichwa: siku hizi hata JPEG hufunguliwa na GPU. Sawa kabisa. Kazi huhama, tena hurudi. Mwaka 1980 Intel walitoa 8087, chipu ya hesabu za desimali. Unainunua kando, unaichomeka jirani na prosesa yao, 8086. Mwaka 1989 ikamezwa ndani ya prosesa mpya, 486. Halafu, sikilizeni vituko vya biashara, wakauza 486SX, sehemu ya hesabu imezimwa. Ukizitaka hesabu hizo, nunua 487SX. Na hiyo 487SX ilikuwa nini? 486 nzima! Ukiichomeka, ile ya kwanza inazimwa, inabaki pambo. Watu walilipa, jamani.

TPU za Google, chipu zao za akili bandia, nilikuwa nazo hapa, na chipu ya M1 ya Apple ambamo CPU na GPU zinachota memori moja, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kanuni ya Amdahl basi, haraka: kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ulete kadi elfu hutavuka mara kumi. Hiyo moja ya kumi mnajua inakaa wapi.

Haya, wa nyuma, uliza. Bei ya kadi usiniulize.