Mnaoniuliza kama Chandigarh ni India kweli, na mtu akija anatumia shilingi ngapi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo hatutembei, nimekaa hapa kujibu, maana kila nikiweka video ya Chandigarh, mji wa kaskazini mwa India, swali ni lile lile: "Dada, hiyo ni India kweli? Na mtu akija kutembea anatumia shilingi ngapi?" Jana limeingia tena, na chini yake mtu kaandika kwamba nachagua barabara safi ili nijionyeshe. Nikirekodi foleni ya ofisi naambiwa nimezidi kulalamika, nirudi nyumbani. Jamani, mimi naishi Mohali, hapo pembeni, nasoma, na barabara hizo ndizo ninazopita nikienda sokoni.

Ni India, tena serikali ya India yenyewe ndiyo iliyoutaka mji uwe hivyo. Mwaka 1947 India na Pakistan zilipotenganishwa, jimbo la Punjab lilikatwa katikati, Lahore iliyokuwa makao makuu ikaangukia Pakistan. Upande wa India ukabaki na wakimbizi wengi na jimbo lisilo na mji mkuu, na waziri mkuu Nehru akataka mji mpya kabisa. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa Mmarekani Albert Mayer na mwenzake Mpoland, Matthew Nowicki. Nowicki akafa kwenye ajali ya ndege mwaka 1950, na mwaka uliofuata kazi ikaenda kwa msanifu majengo Le Corbusier, pamoja na binamu yake Pierre Jeanneret na mke na mume kutoka Uingereza, Jane Drew na Maxwell Fry. Walikuwepo pia wasanifu wa Kihindi, kama Eulie Chowdhury, na naona majina yao yanatajwa kidogo mno kuliko wanavyostahili.

Watu wa Dodoma mtanielewa haraka. Mimi nimekulia Area C, kwa hiyo habari ya serikali kuamua kwamba makao makuu yatakuwa hapa, mchoro ukaletwa na wageni, mtaa ukapewa herufi badala ya jina, si ngeni kwangu. Kwetu uamuzi ulitoka 1973 na mpango mkuu ukachorwa na kampuni ya Kanada. Hapa wao wametumia namba: Sekta 17, Sekta 22, Sekta 35. Sekta moja ina kama mita 800 kwa mita 1,200, na ndani yake mna soko lake, shule yake, zahanati na uwanja wa watoto.

Hilo la sekta ndilo linalowapoteza wageni. Mtu anakuja, anapanda bajaji, anapita barabara kubwa, kipilefti baada ya kipilefti, anaona miti na kuta tu, halafu ananiandikia kwamba mji hauna watu. Nyumba zimegeuzwa zitazame ndani, barabara kubwa zimeachiwa magari. Ukitaka kuuona mji shuka, ingia sekta yenyewe, ufuate mtaa wa maduka unaoikata katikati. Anza na Sekta 22, ni ya zamani na ina uhai kutwa nzima: juisi ya miwa, mafundi simu, akina mama wakichagua vitambaa. Kisha nenda Sekta 17, uwanja mkubwa ambao magari hayaingii. Na ukitembea tazama chini. Bado kuna mifuniko ya chemba ya chuma iliyochongwa ramani ya mji mzima, sekta na mabonde yake, imekanyagwa mpaka inang'aa. Mingine imeondoka na kuuzwa nje ya nchi kama vitu vya thamani.

Sasa pesa, maana najua ndicho mnachosubiri. Kuutazama mji huu ni rahisi mno. Ziara ya majengo ya serikali pale Sekta 1 ni bure, kwa mwongozaji. Ziwa Sukhna unatembea ukingoni bila kulipa. Bustani ya mawe kiingilio chake ni kidogo. Pesa yako itaishia kwenye kulala na kwenye makaratasi, na hapo naomba mnisikilize vizuri.

India kuna fomu ya kuripoti wageni, wengi wameizoea kwa jina la Fomu C. Yeyote anayemlaza mgeni wa nje, iwe hoteli, gesti au hata mtu binafsi nyumbani kwake, anatakiwa kupeleka taarifa zake serikalini ndani ya saa 24. Gesti nyingi za bei nafuu hazitaki usumbufu huo, kwa hiyo zinakataa wageni wa nje kabisa, na kwenye programu ya simu hazisemi. Shemeji yangu alikuja kumsindikiza mama yake kwenye matibabu. Chumba kilikuwa kimelipiwa, risiti ipo kwenye simu. Tumefika usiku, mama mgonjwa amekaa juu ya begi, kijana wa mapokezi anafungua pasi, anaifunga, anaturudishia kwa ncha za vidole: hatupokei wageni wa nje. Tukazunguka na bajaji mpaka tukapata hoteli ya bei mara tatu. Ile pesa ya kwanza ilirudi baada ya wiki kadhaa na barua pepe nyingi. Nalisema hili nikiwa bado na uchungu nalo, mama yule hakustahili. Kwa hiyo piga simu kabla ya kulipa, uliza kwa maneno haya haya: mnapokea wageni wa nje, mnajaza Fomu C? Wakisitasita, tafuta kwingine.

La pili, malipo. Hapa kila mtu analipa kwa simu, hata muuza karanga ana kibandiko cha kuskani, sawa na Lipa Namba ya kwetu. Lakini mfumo wao kwa kawaida unategemea akaunti ya benki ya India, na mgeni wa wiki moja hana. Tembea na keshi, tena noti ndogo. Shilingi yetu mimi sijapata duka la kuibadilisha hapa, njoo na dola. Wanafunzi wenye viza ya zaidi ya siku 180, kujiandikisha uhamiaji ni ndani ya siku 14 tangu ufike, na mwenye nyumba asipokupa mkataba na nakala ya kitambulisho chake utakwama. Wangu alivuta wiki nzima, halafu akataka nimuongezee amana. Na hapo hapo simu inaita kutoka nyumbani, binamu anataka nimtumie hela, kwani dada si uko India! Inaniuma, kwa sababu nikieleza naonekana mchoyo.

Turudi Sekta 1, na uende na pasi halisi, maana askari hawataki nakala. Mahakama kuu ina nguzo tatu nene, ya kijani, ya njano na nyekundu. Bunge la jimbo lina mnara mpana wa zege unaochomoza juu ya paa, na mlango wake Le Corbusier aliupaka rangi mwenyewe. Sanamu ya Mkono Wazi, ile ya chuma yenye urefu wa mita 26, inazunguka na upepo. UNESCO waliyaingiza majengo haya kwenye urithi wa dunia mwaka 2016. Ni mazuri kweli. Ila uwanja ulio katikati yao ni mpana kupita kiasi na hauna kivuli, mwenye magoti mabovu atateseka. Naamini aliyeuchora aliwafikiria wapiga picha kuliko wapita njia.

Ndiyo maana ukinibana nitakuambia ukiwa na nusu siku tu, nenda bustani ya mawe. Aliyeijenga, Nek Chand, alikuwa mkaguzi wa barabara, mkimbizi wa 1947. Mji ulipokuwa unajengwa, vijiji vilibomolewa, yeye akaanza kuokota mabaki na kujenga kwa siri kwenye msitu uliokatazwa, tangu 1957. Maofisa walipomgundua miaka ya sabini walitaka kubomoa, watu wakakataa, ikafunguliwa 1976 na akapewa wafanyakazi. Simama mbele ya wale wanawake wa saruji: nguo zao ni bangili za kioo zilizovunjika, nyekundu na kijani, zimepangwa moja moja. Ukuta mwingine ni soketi za umeme za udongo mweupe, safu juu ya safu. Mimi pale nakaa kimya muda mrefu.

Hayo ni yangu, ndugu zangu, mwingine atakuja na kupokelewa vizuri gesti ya kwanza. Msije mwezi wa tano wala wa sita, joto linapita digrii 40. Desemba na Januari ukungu unachelewesha treni za Delhi. Februari na Machi, au Oktoba na Novemba, ni sawa. Mwenye mgonjwa aniandikie kabla ya kukata tiketi, nitamjibu. Viza za kazi msiniulize, sina ninachokijua.