Mazoezi ya mkono baada ya kiharusi kwa miwani ya uhalisia pepe, nyumbani kwetu Pemba

Assalaam alaykum. Niko Chake Chake, ukumbini kwetu, na mama yuko hapa kwenye kiti. Mama, watolee salamu. Enhe.

Miwani yenyewe ni Meta Quest 2, inafunika macho na kumwonyesha mama mchezo wa kugusa matufe kwa mkono. Kuiwasha na kuiunganisha na intaneti sitaonyesha, fuata maandishi yake tu. Nina haraka ya kufika kwenye bega, maana hapo ndipo nilipomuumiza mama.

Kiti kwanza. Kizito, chenye mgongo na pa kuegemeza mikono, na nyayo zote mbili zikanyage chini. Kiti chepesi cha plastiki hapana, akielemea upande dhaifu kinapinduka naye. Kwenye miwani chagua mpaka wa kukaa, yaani eneo la kuchezea ukiwa kitini. Mama hasimami akiwa amevaa, kwa sababu haoni sakafu.

Sasa bega, nasogeza kamera. Mkono wa kushoto umelegea, na misuli inayoshikilia bega imelegea pia, kwa hiyo uzito wa mkono peke yake unaweza kukitegua kidogo kiungo cha bega. Usiuvute. Mwezi wa kwanza nilimshika kifundo cha mkono nikamnyanyua ili afikie tufe. Alilala na maumivu wiki mbili, mazoezi yote yakasimama. Fanya hivi: kiganja kimoja chini ya kiwiko, kingine nyuma kwenye fupa la bega, halafu msindikize. Akipumzika, mkono ulale juu ya mto mapajani, usining'inie. Na usiuvute, hata yeye mwenyewe akikwambia "ninyanyue tu mwanangu".

Namvalisha. Ni gramu 503, si nyingi, ila shingo inazihisi. Mtandio nimeubana vizuri chini ya mkanda, usiteleze. Mama, unaona sawasawa? Haya.

Ah, ngojeni. Tazameni kwenye simu, inaonyesha anachokiona mama: mkono wake umepotea. Wingu limeingia, chumba kimefifia, na kamera za miwani hazivioni vidole. Nafungua dirisha... umerudi. Lakini jua lisipige lenzi za ndani hata kidogo, zinalikusanya na kuunguza skrini. Barazani usiiweke. Ukiivua, ifunike kitambaa hapo hapo.

Matufe yanashuka, anayagusa. Mwenyewe anaita kuchuma karafuu, na kweli mkono unakwenda vilevile kama kwenye tawi. Mimi nahesabu, kwa sababu ubongo unajifunza upya kwa kurudia, na nikimwambia tu "nyanyua mkono mara thelathini" anachoka kwenye nane. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470. Michezo ya aina hii ikishika nafasi ya mazoezi ya kawaida, haikuyashinda. Ikiongezwa juu yake, mkono ulinufaika. Kwa hiyo kwa mtaalamu wa viungo tunakwenda kama kawaida, na mipangilio ya mchezo nilimwonyesha yeye kwanza.

Hapo! Mmeona bega limepanda karibu na sikio? Amechoka. Nashusha matufe yaje chini zaidi, mkono siuvuti.

Dakika kumi zimetosha. Akipata kizunguzungu, vua mapema zaidi. Mwenye kifafa amwone daktari kabla ya kuijaribu. Na mdomo ukienda upande ghafla au maneno yakikwama, acha kila kitu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko miwani yenyewe. Ungo huu una karafuu mbichi, bado ziko kwenye makonyo yake. Mama amechambua karafuu tangu utotoni, vidole vinaijua kazi hii. Nasogea karibu: kidole gumba, cha shahada, anabana... konyo limeteleza. Anabana tena. Jana alichambua nne.

Pole pole mama, siigusi.

Ya tano hiyo. Nazima kamera, nimshikie ungo.