Kumpaka Rangi Kima Punju wa Faiba Asibabuke

Asalaam aleikum jamani! Leo namalizana na huyu kima punju, sanamu la faiba, ile ya kutengenezea boti; atakaa nje ya skuli ya chekechea. London mwaka 2014 waliweka mitaani masanamu ya Paddington, dubu wa vitabu vya watoto, kila mmoja na nakshi zake, kisha wakayanadi kuchangia watoto. Basi sisi dubu wa nini, na kima wetu yupo msitu wa Jozani, hapa Unguja?

Msasa nishapiga, namba 120 kisha 240, laini zaidi. Sikuonyeshi, vumbi tupu.

Sasa sikilizeni. Kabla ya rangi, muosheni. Kwa maji matamu, si ya kisima cha pwani! Sanamu likilala nje usiku mmoja, upepo wa bahari ushalipaka chumvi, na huioni. Pitisha kidole, onja. Mie wa kwanza sikumuosha. Mwezi wa pili mgongo mzima malengelenge, utadhani kamwagikiwa na uji wa moto. Nikakwangua wote, na rangi nimenunua kwa pesa yangu. Osha, onja, osha tena.

Andakoti, yaani rangi ya chini, nyeupe; iacheni ikauke mpaka kesho.

Uso mweusi. Manyoya meupe ya kichwani, brashi iwe kavukavu, vuta kwenda nje. Pua na midomo ni waridi. Waridi, si nyekundu ya bibi harusi!

Mgongo wa kweli ni mwekundu wa kahawia, lakini mie namvika kanga: pindo jeusi, mji wa njano. Jina la kanga wamechagua watoto, maana kima wa Jozani hula makaa: NIMEKULA MAKAA, SINA DENI.

Eh, ngoja. Sogeza kamera. Huu mkono... Fundi kamtia kidole gumba! Kima punju gumba lake halionekani, hushika tawi kwa vidole vinne kama kulabu. Leteni msumeno.

...Haya, nimekata, nimeziba kwa faiba, nimepiga msasa. Na nimefanya nini? Nimeosha! Mkono wote. Hata jasho langu lina chumvi.

Vanishi pakeni asubuhi, jua lishakausha umande. Jioni itaganda nyeupe kama tui. Koti mbili, na chini ya nyayo pia, ndiko maji yanakoingilia.

Rangi hizi ni za boti, nauza kwa vikopo vidogo. Anayetaka ya njano awahi, vimebaki vitatu. Na kabla hujaniuliza mbona yako imebabuka, nitakuuliza mie kwanza: ulionja?