Cheti cha Ufundi au Digrii: Maneno kwa Vijana wa Lamu

Assalaam aleykum wazazi wangu, nanyi wanangu mliomaliza kidato cha nne.

Mzazi huja akaniuliza: mtoto kapata C+, nimpeleke chuo kikuu akasome historia na fasihi, au aende chuo cha ufundi akajifunze mitambo? Alama hiyo inamruhusu kuingia chuo kikuu, haimlazimishi.

Pwani ufundi una heshima ya zamani. Mwaka 1951 MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ilifunguliwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, wakafunzwa ubaharia na uhandisi. Ikaja kuwa politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Nafurahia kupanda kwake, ila kusitufanye tuone cheti na diploma ni aibu. Gati la kwanza la bandari yetu ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na kreni ikiharibika anaitwa fundi.

Lakini bandari hiyo hiyo iliwanyima wavuvi bahari yao. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ikasema pia kwamba haki yetu ya utamaduni ilikiukwa. Mwaka uliofuata, leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanangu, kesi kama hizi haziendi kwa spana. Zinataka mtu anayeijua historia ya mji huu, awezaye kusoma ripoti nene, akaona palipofichwa jambo, akaandika hoja ikasimama. Elimu pana inafundisha hayo, na Lamu tunayahitaji sana.

Basi mimi nina upande. Ikiwa pesa nyumbani ni za taabu na mikono yako inapenda kazi, anza na ufundi. Mwenye diploma bado anaweza kuendelea hadi digrii. Lakini usiache kusoma sheria za nchi yako na habari za watu wako. Na wewe unayependa historia, usiingie umeme kwa sababu jirani kaajiriwa. Isome historia kama fundi wa kijiji chetu cha Matondoni anavyopima ubao wa jahazi kabla ya kuupigilia.

Kabla ya kuchagua kozi kwa KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, nendeni chuoni wenyewe. Ingieni karakana, muulize mashine zipi zinafanya kazi, na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo kazini. Kisha ingieni maktaba.