Mafuta ya Gari la Polisi Analipa Nani?

Shikamooni wazee wangu wa Mwanza, na vijana wenzangu salamu. Nazungumza nanyi nikiwa jikoni kwangu hapa Leicester, na karatasi hii niliyoishika ni ankara ya kodi inayotumwa na halmashauri kila mwaka. Tazameni mstari huu wa katikati: unaonyesha ni kiasi gani cha fedha yangu kinakwenda kwa polisi wa eneo hili, na umeandikwa peke yake ili nisije nikadanganywa.

Niliutafuta mstari huu baada ya mama yangu mdogo wa Igoma kunipigia simu akiniarifu kwamba duka lake limevunjwa. Alikwenda kituoni, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake, kisha akaombwa shilingi elfu thelathini za mafuta ili askari wafike kukagua. Kituo sitakitaja, na askari mwenyewe simlaumu sana, kwani huenda gari halikuwa na mafuta kweli. Mama alilipa, na hakupewa risiti.

Ndugu zangu, sisi tayari tunagharamia ulinzi wetu. Kuna mitaa inayochangishana kila mwezi kwa ajili ya ulinzi shirikishi, kuna vituo vya polisi vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi, na wavuvi wakiibiwa mashine na nyavu ziwani mara nyingi huchanga wenyewe fedha za kuwafuatilia wezi. Tunachokosa ni haki ya kuuliza fedha hizo zimefanya nini. Jeshi letu la Polisi ni moja kwa nchi nzima, Mkuu wake huteuliwa na Rais, na Kamanda wa Mkoa wa Mwanza huwajibika kwa wakubwa wake walioko Dodoma, si kwa baraza la madiwani, ingawa Ibara ya 146 ya Katiba inazitaja serikali za mitaa katika kazi ya utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi.

Najua kuna mzee atakayeniambia kwamba Sungusungu walishatuonyesha njia. Ni kweli kwamba walipoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe waliwaogopa kuliko askari, kwa sababu mlinzi alikuwa jirani aliyechaguliwa na majirani. Lakini walipiga watu na kuwafukuza vijijini bila kuwasikiliza ipasavyo, na aliyeonewa hakuwa na pa kulalamikia. Kuwa karibu na watu hakutoshi.

Hata kura haitoshi. Huku Uingereza walianza kuchagua makamishna wa kuwasimamia polisi mwaka 2012, wapiga kura waliojitokeza wakawa takriban asilimia 15, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba itawaondoa makamishna hao. Ninachokitamani mimi ni mstari wa kwenye ankara, pamoja na chombo huru kinachochunguza malalamiko mazito dhidi ya askari. Wenzetu wa Kisumu, ziwa hili hili, wana IPOA, mamlaka huru ya Kenya ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na haikuwageuza kuwa Wazungu.

Kwa hiyo napendekeza Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zitenge fungu la ulinzi katika mapato yao ya ndani, michango ya mitaa iingie humo kwa risiti, na kila robo mwaka polisi wafike mbele ya madiwani kueleza mafuta yamekwenda wapi na majalada mangapi yamefika mahakamani. Fungu hilo ligawanywe kwa kufuata uhalifu ulipo, la sivyo wenye nacho wa Capri Point watapata doria ya usiku kucha na Mabatini watabaki na filimbi. Faini za barabarani zisiguswe kabisa, kwa sababu askari anayelishwa na faini atazitafuta hata pasipo na kosa. Na diwani aulize hesabu tu. Siku atakapoanza kuagiza nani akamatwe, tutakuwa tumejenga balaa jingine, tena la karibu zaidi.

Nilimwomba mama mdogo akaliseme jambo hili kwenye mkutano wa mtaa. Akanijibu, "Mwanangu, mwenyekiti si ataniuliza risiti iko wapi?"