Nguvu Kando, Sura Kando: Mavazi ya Vita katika World of Warcraft

Ndugu zangu, wachezaji wakongwe wa World of Warcraft, ule mchezo wa mtandaoni, wanaukumbuka mwaka 2007. Burning Crusade, nyongeza ya mchezo, ilitoka Januari, watu wakaingia Outland, nchi yake mpya, wakakuta mavazi wanayopewa kwa vijikazi vya barabarani yana nguvu kuliko yale waliyoyasotea kwa miezi. Wakayavaa hivyo hivyo: bega la zambarau, kifua cha njano, suruali ya rangi ambayo sijui niiiteje. Shujaa mzima akageuka mchekeshaji wa sarakasi. Angefanyaje? Nguvu na sura vilikuja pamoja.

Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, walivitenganisha Novemba 2011, toleo la 4.3. Ulikwenda kwa fundi katika miji ya mchezoni, Stormwind au Orgrimmar, ukamlipa dhahabu ya mchezoni, akachukua sura ya vazi la zamani na kuivika vazi jipya. Nguvu haikuguswa. Sharti likabaki: chuma kwa chuma, ngozi kwa ngozi, kitambaa kwa kitambaa. Wengi walilalamika, mimi nalitetea. Ukimwona mpinzani kwa mbali, angalau unajua kama amevaa chuma au joho.

Lakini kilichonileta hapa leo ni magofu. Molten Core, pango la mapigano la tangu 2004, ilitaka watu 40 waliopangana. Kufikia 2011 mchezaji wa kiwango cha 85 aliweza kuingia peke yake, ila aende kufanya nini? Mle hamkuwa na kitu cha kumsaidia. Ghafla pakawa na sababu: pale ndipo panapopatikana bega fulani, na bega hilo halitoki kwingine. Watu wakaanza kurudi kila wiki, Molten Core, Black Temple, kokote. Wengine walikuwa wageni kabisa, wakapambana na Illidan, adui mkuu wa Black Temple, kwa mara ya kwanza kwa ajili ya nguo. Hakuna ukuta mpya uliojengwa, hakuna jini jipya lililochorwa.

Kero ilikuwa kabati. Hadi 2016 ilibidi ulitunze vazi lenyewe, na benki za watu zilijaa matambara. Legion, nyongeza ya mwaka huo, ikaleta orodha ya sura kwa akaunti nzima: ukishaipata sura, vazi liuze.

Sasa, hasara. Zamani ulimtazama mtu katika mji wa Ironforge, kwa mavazi yake ukajua ametoka wapi. Baada ya 2011 ulijua mahali alipowahi kupita, au kitu anachokipenda. Hiyo bado ni habari, tena kwangu ni habari tamu zaidi. Ndiyo maana duka la Blizzard la pesa halisi la mwaka 2013 lilinikera. Kofia tatu, dola 15 kila moja, kwa watu ambao tayari wanalipia mchezo kila mwezi! Zilikuwa nzuri, sikatai. Ila ukimwona mtu kaivaa, ulichojua ni bei. Kama yupo wa kuzitetea hapa ukumbini, maikrofoni ile pale.